Wakili aliyemsimamia mdogo wangu kwenye kesi ya wizi, mrejesho wangu kamili

Kuna watu kadhaa wameniuliza kuhusu wakili aliyemsimamia mdogo wangu kwenye kesi ya wizi wa kazini, kila mmoja nilikuwa namjibu nusu nusu kwa meseji, leo naandika yote sehemu moja. Jina lake na la ofisi yake siliweki maana kesi inagusa watu wengine ambao hawajaniruhusu, ila huduma yenyewe ntaieleza kama ilivyokuwa ili wewe unayemtafutia mtu wako wakili ujue cha kuangalia. Nampa nyota nne kati ya tano. Hizo nne kazitolea jasho, na hiyo moja niliyomnyima ina sababu zake, ntazisema pia bila kuficha.

Ishu ilikuwa hivi. Mdogo wangu alikuwa keshia, siku moja wakati wa kufunga hesabu mfumo ukaonyesha droo yake ina shoti, yaani hela iliyomo ni pungufu ya mauzo yaliyoandikwa, siku chache mbele ikatokea shoti nyingine kubwa zaidi, meneja akamwita ofisini, wakafunga mlango, wakamwekea karatasi na kalamu wakamwambia andika hapa kwamba umechukua na utalipa kidogo kidogo kwenye mshahara, tunamalizana humu humu, polisi hawahusiki. Akakataa kuandika kwa sababu hakuchukua. Wakaita polisi kweli. Hapo ndo tukaanza kutafuta wakili usiku usiku kila mtu na simu yake.

Kitu cha kwanza kilichonifanya nimwamini huyu wakili ni maswali aliyoanza nayo. Hakuuliza umeiba au hujaiba. Aliuliza kama kuna karatasi yoyote ameshasaini, kama ameshatoa maelezo polisi na nani alikuwepo wakati anayatoa, kisha akamwambia kuanzia sasa mtu yeyote akikuuliza kuhusu hizo hela, awe askari, awe meneja, awe shoga yako wa kazini, jibu ni moja tu, utaongea wakili wako akiwepo. Simu yake asiigawe kwa mtu hovyo, meseji za kazini asizijibu, na asizifute. Hilo la kutofuta alilirudia sana, kwa sababu ukifuta meseji wakati unachunguzwa inaweza kusomeka kwamba unaficha ushahidi hata kama ulichofuta ni salamu tu za asubuhi.

Alafu yakaja maswali ambayo shemeji yetu aliona yanapoteza muda. Unasomea nini? Unataka kufanya kazi gani huko mbele? Una leseni au usajili wowote wa taaluma? Umewahi kuomba viza au una mpango wa kusafiri? Nyumba unayokaa umepanga kwa nani? Shemeji akasema wakili samahani, si tuongelee kesi kwanza, akajibiwa kwa upole tu, ndugu yangu haya ndo yanayoniambia kesi niipiganie wapi.

Na hapa nataka nikae kidogo maana ndipo familia nyingi zinapoumia bila kujua. Mtu akishtakiwa wizi mawazo ya ndugu wote yanakimbilia jela, basi. Kumbe kwa mtu ambaye hana kosa la nyuma na kiasi chenyewe si kikubwa, mahakama mara nyingi zinaishia kwenye faini, kifungo cha nje au kazi za jamii, mtu anatoka, ndugu wanashangilia, wanamwambia mshukuru Mungu hujafungwa, kaanze maisha. Sasa aanzie wapi? Wizi uko kwenye kundi la makosa ya kukosa uaminifu na hilo ndo kundi mwajiri akiliona kwenye rekodi hata hataki kusikia maelezo, iwe ulichukua kitu kidogo au kikubwa karatasi inasema neno lile lile. Kazi za kushika hela zinaondoka, za benki, uhasibu, za kuachiwa funguo za stoo, za kuingia kwenye nyumba za watu kutunza wazee au watoto, ulinzi. Taaluma nyingi zenye bodi zinauliza kwenye fomu kama umewahi kutiwa hatiani, na ukiandika hapana wakati jibu ni ndiyo umejitengenezea kosa la pili juu ya lile la kwanza. Mdogo wangu alikuwa anasomea uhasibu jioni. Kwaiyo kwake faini ndogo ya siku moja ilikuwa inamaliza miaka ya masomo, na hakuna mtu nyumbani aliyekuwa ameliwaza hilo mpaka wakili alipouliza.

Safari nazo ni hivyo hivyo. Fomu ya viza ya Marekani ile ya DS-160 inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata kama ulisamehewa baadae. Angalia vizuri, hata kukamatwa tu kunaulizwa. Kwa wale wanaoishi nchi ya watu ndo kabisa, kukiri wizi kunaweza kukuondolea kibali cha kuishi. Wakili alitutajia kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2010, huyo Padilla alikuwa ameishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40, alishapigana hadi vita ya Vietnam, akashtakiwa kwa kusafirisha bangi, wakili wake akamwambia wewe kiri tu, umekaa huku miaka mingi uhamiaji hawatakusumbua, akakiri, kumbe kukiri kule ndo tiketi ya kufukuzwa nchini. Mahakama ikasema wakili ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia kwamba kukiri kunaweza kumfukuzisha. Kosa lake halikuwa wizi ila somo linaingia moja kwa moja, wakili ambaye hajakuuliza kuhusu maisha yako nje ya mahakama hawezi kukushauri ukiri au ukane, atakushauri kwa kutumia nini?

Kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye hukumu yoyote ni mtandao. Picha ya mtu akiwa kituoni inasambaa kwenye magrupu asubuhi moja, siku anaachiwa hakuna anayesambaza. Ulaya kuna nafuu kidogo kwa sababu mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu anaweza kuomba Google iondoe kwenye matokeo ya jina lake taarifa zilizopitwa na wakati au zisizo na maana tena, na Uingereza wana sheria ya tangu 1974 inayofanya hukumu nyingi zihesabike zimekwisha baada ya muda fulani usiporudia kosa, ingawa kuna kazi kama za watoto ambazo bado watakuuliza. Sehemu nyingine huna kimbilio. Wakili wetu hilo aliliona mapema, akaandika barua kwa mwajiri kwamba wakiendelea kupost picha za mdogo wangu na kumwita mwizi kabla mahakama haijasema watashtakiwa kwa kumchafulia jina. Picha zikatolewa siku ile ile. Hapo nilimpa alama kubwa sana, maana barua yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja na hakutuchaji zaidi.

Sasa tuje kwenye utetezi wenyewe. Alichukua karatasi akamchorea mdogo wangu wizi ni nini kisheria, sio kwa lugha ya kutisha. Lazima kiwe kitu cha mtu mwingine, kiwe kimechukuliwa bila ridhaa yake, kwa kukosa uaminifu, na kwa nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Maneno yanatofautiana nchi na nchi ila mifupa ni hiyo. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe vyote, kimoja kikianguka shtaka la wizi linaanguka, na wewe mshtakiwa huna kazi ya kuthibitisha kwamba hukuiba. Mdogo wangu alikuwa amekonda kwa mawazo ya jinsi ya kuthibitisha, alivyosikia hivyo ndo mara ya kwanza nikamwona anashusha pumzi.

Kuhusu nia kuna kesi moja alitusimulia na mimi nikaenda kuisoma kwa sababu iliniingia sana, ya Morissette, Marekani, 1952. Jamaa alienda kuwinda kwenye eneo la mazoezi la jeshi, akakuta maganda ya mabomu yamerundikwa yanaota kutu miaka na miaka, akadhani yametupwa, akayapakia mchana kweupe, akayauza chuma chakavu akapata dola 84. Akashtakiwa kwa kuiba mali ya serikali, akatiwa hatiani kwa sababu hakimu aliona nia haina haja ya kuthibitishwa, ameyachukua basi ameiba. Mahakama ya Juu ikaifuta ile hukumu, ikasema mtu aliyeamini kwa dhati kwamba kitu kimetelekezwa hana ile nia ovu ambayo ndo inaufanya wizi uwe wizi. Kwaiyo usiseme tu "nilichukua" ukanyamaza kwa aibu. Ulichukua ukiamini nini? Ulidhani ni chako? Uliruhusiwa na mtu uliyeamini ana mamlaka? Ulikuwa unarudisha? Hayo yote yana uzito na wakili mzuri anakuchimba mpaka yatoke.

Upande wa pili pia alituambia ukweli bila kututuliza. Ukikutwa na kitu kilichoibiwa muda mfupi baada ya kuibiwa na ukashindwa kueleza umekipataje, mahakama nyingi zinaweza kuchukulia kwamba wewe ndo uliiba au ulipokea ukijua. Na kurudisha hela hakufuti kosa. Hili watu wengi hawalijui kabisa. Ndugu wanachangishana wanakimbia kulipa wakidhani kesi imekufa, kumbe kulipa bila karatasi ya maana kunageuka kuwa ushahidi kwamba ulichukua, na mwenye uamuzi wa kuendelea na kesi mara nyingi ni mwendesha mashtaka, sio yule mlalamikaji mliyemlipa. Kama mnataka kulipa ili muelewane, pitisheni kwa wakili, iandikwe kwamba malipo si kukiri kosa. Mama yetu alikuwa ameshaanza kuuza vitu vyake ili akalipe ile shoti, wakili ndo akamzuia.

Kwenye kesi yenyewe kazi kubwa aliifanya kwenye ule mfumo wa mauzo. Ushahidi wote wa mwajiri ulikuwa karatasi iliyotoka kwenye kompyuta inasema keshia namba fulani ana shoti. Wakili akaomba apewe taarifa za mfumo zinazoonyesha nani aliingia na paswedi ipi saa ngapi, miamala iliyofutwa na aliyeifuta, rekodi za mafundi waliokuja kurekebisha, na picha za kamera za muda wote, sio zile dakika walizozichagua wenyewe. Ikaonekana paswedi ya mdogo wangu ilitumika siku ambayo alikuwa mapumziko. Meneja msaidizi alikuwa anajua paswedi za wote kwa sababu ndo utaratibu wao, mtu akienda kula mwingine anakalia droo yake. Sasa hapo utasemaje kwa uhakika nani kachukua, au kama kuna kilichochukuliwa kabisa?

Hili la kompyuta nataka kila keshia na kila wakala wa kupokea hela alisikie, kwa sababu limeshatokea kwa ukubwa ambao ukisoma unalia. Uingereza shirika la posta, Post Office, lilikuwa linatumia mfumo unaitwa Horizon uliotengenezwa na Fujitsu, mfumo ukawa unaonyesha shoti kwenye matawi, wanaoendesha matawi wakaambiwa wameiba, na kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na kughushi hesabu. Wapo waliofungwa, waliofilisika, waliouza nyumba kulipa pesa ambazo hazikuwahi kupotea. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaona mfumo ulikuwa na makosa kweli, Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu za watu 39 kwa mpigo, na mwaka 2024 bunge likatunga sheria kabisa ya kufuta hukumu nyingi zilizobaki, ila kuna ambao walishafariki wakiwa na jina la mwizi.

Kinachoniuma zaidi kwenye habari hiyo ni kwamba wengi walikiri. Walikiri! Walikuwa wanashtakiwa wizi pamoja na kughushi hesabu, wanaambiwa ukikiri hili la hesabu la wizi tunaliondoa, jela utaikwepa, mtu peke yake mbele ya shirika kubwa ambalo lenyewe ndo linamshtaki, anaambiwa na watu mfumo hauna shida na ni wewe tu uliye na tatizo hili, anakiri ili yaishe. Hayakuisha. Ndo maana tulipoletewa ofa ya kukiri kosa dogo zaidi tupate faini, na nyumbani nusu ya watu walitaka ichukuliwe, wakili alikaa na mdogo wangu peke yake, sisi wote akatutoa nje, akamweleza ukikiri rekodi itasema hivi, kozi yako ya uhasibu itakuwa hivi, usipokiri tukishindwa adhabu inaweza kufika hapa, na uwezekano wa kushindwa mimi nauona hivi. Hakumwamulia. Akampa muda wa kulala nalo. Mdogo wangu akakataa ofa. Mimi sisemi kila mtu akatae, kuna kesi ambazo ushahidi umekamilika na kukiri mapema kunapunguza adhabu kweli, au kuna mpango wa kumpa mtu wa kosa la kwanza masharti akiyatimiza harekodiwi hatia, hiyo ni nafuu ya kweli na wakili anatakiwa aiulizie kabla hujaiulizia wewe. Ninachosema ni kwamba kukiri kufanywe na mtu aliyeelezwa yote, sio mtu aliyechoka.

Niseme kidogo kuhusu mawakili wa bure, maana kuna mtu ataniambia hiyo ni ya wenye hela. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 14, unasema mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo apewe msaada wa wakili bila malipo pale haki inapohitaji, kwaiyo kwenye nchi iliyoridhia uliza mahakamani siku ya kwanza kabisa, usisubiri mpaka hakimu akumbuke. Na historia ya haki hii inagusa wizi moja kwa moja. Clarence Gideon alishtakiwa Florida, Marekani, mwaka 1961 kwa kuvunja ukumbi wa kuchezea pool ili aibe, hakuwa na hela ya wakili, akaomba apewe akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akala miaka mitano. Akiwa gerezani akaandika maombi kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu, mwaka 1963 ikaamua kwamba mtu wa namna hiyo lazima apewe wakili, kesi ikarudiwa safari hii akiwa na wakili aliyemhoji shahidi mkuu vizuri, baraza la wazee wa mahakama la kwao, wanaita juri, likamwachia ndani ya saa moja hivi. Mtu yule yule, shtaka lile lile. Tofauti ilikuwa wakili.

Mawakili wa bure niliowaona mahakamani wakati tunasubiri zamu yetu wengi wanajua sheria vizuri sana na wanawajua mahakimu na taratibu kuliko hata wa kulipwa, shida yao ni mafaili mengi, unakutana naye kwenye korido dakika chache kabla ya kuitwa. Kama ndo uliyepewa, msaidie. Mwandikie ukurasa mmoja wenye tarehe, majina ya mashahidi na namba zao, vitu unavyotaka aombe, na huo ukurasa uweke juu yale ya maisha yako, kazi, masomo, viza, watoto. Ila kujitetea mwenyewe kwenye kesi ya wizi kwa sababu unajua hukuiba, hapana, tafadhali usifanye hivyo. Na jihadharini na vishoka, wale wanaozunguka nje ya mahakama na mafaili kwapani wakisema namjua hakimu, toa kitu kesi ife leo. Wakili wa kweli ana usajili na unaweza kuuhakiki, na hakuna wakili wa kweli anayekuhakikishia ushindi.

Sasa hiyo nyota moja. Kwanza mawasiliano. Huyu wakili ukimpata anakusikiliza kwa roho yote, lakini kumpata! Tarehe nyingi za kutajwa kesi alimtuma mwanasheria mdogo wa ofisini kwake ambaye hakujua chochote zaidi ya kuomba tarehe nyingine, na mdogo wangu alikuwa anatetemeka kizimbani bila sura anayoijua. Najua tarehe za kutajwa hazina kitu kikubwa kisheria, ila kwa mshtakiwa kila kuitwa jina ni kitu kikubwa, ungempigia tu simu jana yake ukamwambia kesho hakuna kitakachotokea usiogope.

Pili, na hili ndo lililonikera kuliko yote, hakumweleza mdhamini. Mjomba wetu alisaini dhamana kwa mapenzi tu, hakuna aliyemkalisha chini kumwambia kwamba mshtakiwa asipotokea hata siku moja bila sababu yeye ndo anabeba ile ahadi aliyosaini, na kwamba kuna masharti ya kutosafiri bila ruhusa. Kidogo mdogo wangu asafiri kwenda msibani nje ya mipaka aliyowekewa, aliyetushtua ni karani wa mahakama, sio ofisi tuliyoilipa. Ofisi ya wakili inatakiwa iwe na hata karatasi moja ya kumpa mdhamini.

Tatu, ada. Tulikubaliana malipo ya mkupuo kwa kesi nzima na hilo aliliheshimu, hakuongeza katikati, ila "kesi nzima" kwake iliishia siku shtaka lilipoondolewa. Ndiyo, liliondolewa, baada ya zile taarifa za mfumo kufika mezani mwendesha mashtaka mwenyewe akaomba kuliondoa. Tukakumbatiana pale nje. Wiki ile ile ndo tukajua kwamba kwenye nchi nyingi kuondolewa shtaka sio sawa na kuachiwa huru kwa hukumu, linaweza kurudishwa ukipatikana ushahidi mwingine, na alama za vidole na rekodi ya kukamatwa zinabaki polisi mpaka mtu aombe zifutwe, pale inapowezekana kufutwa. Hiyo ya kuomba ni kazi nyingine na ada nyingine. Kwa wakili aliyeanza siku ya kwanza kwa kuuliza kuhusu maisha ya baadae, nilitegemea angelitaja hilo siku ile ile ya kwanza na kuliweka kwenye makubaliano. Ukienda kwa wakili yeyote muulize kwa maneno haya haya: ada hii inafika mpaka wapi, na rekodi itasafishwa na nani.

Mdogo wangu kazini hajarudi na hataki, wamemlipa stahiki zake baada ya barua nyingine mbili. Kozi anaendelea nayo, ila bado akiona meseji kutoka namba asiyoijua anampa mtu mwingine asome. Kwa kesi ya wizi wa kazini ambayo ushahidi wake ni hesabu, mifumo na nani alikuwa na ufunguo, ningemrudia wakili huyu kesho, ningeomba tu aandike kwenye mkataba kwamba tarehe zote atakuja mwenyewe au atapiga simu. Kwa mtu anayehitaji kushikwa mkono kila hatua, achukue ofisi yenye watu wengi zaidi. Maombi ya kufuta alama za vidole tumeshapeleka, wakili alikubali kupunguza ada baada ya kumweleza haya yote uso kwa uso na alipokea vizuri, tukijibiwa ntaongeza hapa.